Mbwa wa Theluji Niliyemnyoa

Laiti ningalikataa kushika ule mkasi wa kunyolea kondoo. Leo nimeanika blanketi lililonyeshewa, na harufu yake ni ile ile ya mbwa wa meneja wa shamba la chai, mbwa wa nchi za theluji, mwenye macho ya buluu, ambaye hakubweka bali alilia kwa sauti ndefu. Meneja alikuwa likizo. Baba, mtunza bustani wake, alienda matanga Kipkelion akaniachia mbwa: nimkimbize kila asubuhi, nimchane, basi.

Mchana mbwa alihema, ulimi nje. Jirani yetu mchuma chai akacheka.

“Wewe kijana, unaweza kuvaa blanketi mbili kwa jua hili? Mnyoe!”

“Baba alisema nimchane tu.”

“Kwani baba yako yuko hapa?”

Nikashika mkasi, nikamnyoa. Alitulia, akinilamba mkono. Sikujua manyoya yale yalimkinga na jua na baridi pia. Jioni alilala uani alivyozoea, mvua ya mawe ikamkuta. Alitetemeka siku tatu, akafa.

Nimechoka kumlaumu jirani. Mkono ulikuwa wangu. Baba alifutwa kazi, tukahama nyumba ya kampuni. Aliishi miaka mingi baadaye, lakini hakuniachia tena mnyama wake yeyote, hata kuku.