Niliwapa watoto wa nasari mbegu za pinki wabandike, kidogo nimuue mmoja

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe na bado naona aibu kuyaandika.

Nafundisha baby class huku Mella, Tororo, Uganda.

Mvua za kupanda zilipoanza, niliwasomea watoto kitabu cha picha kuhusu msimu wa kupanda. Kisha nikawaambia wabandike mbegu kwenye karatasi, kila mmoja atengeneze shamba lake. Gundi nilipika ya unga wa muhogo, maana ya dukani wangeitia mdomoni. Hapo nilijiona mjanja kweli.

Mbegu nilitoa nyumbani, mahindi ya pakiti yaliyobaki baada ya kupanda. Yale ya pinki. Watoto waliyapenda mno.

Kila mtoto nilimpa punje kumi.

Nikapita kukagua karatasi zao. Kufika kwa Athieno, miaka minne, midomo ni ya pinki. Kwenye karatasi yake punje sita.

Ndipo nikakumbuka ile rangi ni dawa ya wadudu.

Nikampigia mama yake, ambaye ni jirani yangu, apitie kwangu achukue ile pakiti aje nayo kituo cha afya. Darasa nikamwachia mwenzangu, nikapanda boda na mtoto kifuani. Kila akifumba macho namtikisa.

Shetani naye akaninong'oneza: sema aliokota mwenyewe njiani. Nani atajua?

Nesi akauliza, "Amekula nini?"

"Mbegu ya kupanda. Punje nne hazionekani. Nilimpa mimi."

Mama akaingia na pakiti, akampa nesi, hakunitazama. Athieno alitapika mara mbili. Tulikaa kwenye benchi hadi saa kumi jioni, mimi namwomba Mungu kimoyomoyo.

Nesi aliporudi kusema mtoto yuko salama, nililia mbele za watu, mwanaume mzima.

Mama akanigeuzia pakiti. Kulikuwa na mchoro wa fuvu la kichwa na mifupa.

"Mwalimu, mimi shule sikusoma. Lakini hii picha mimi najua. Kwangu watoto hawagusi."

Kazi yangu ni kufundisha watoto kusoma picha.

Siku hizi natumia maharage ya jikoni, na pakiti nasoma pande zote. Ualimu haukuzuii kuwa mjinga.

Walimu na wazazi, nyie mnawapa watoto nini wabandike? Mwenye la kunisema aniseme tu, nimestahili.