Aliniuliza Kama Nimechomoa

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sirudi nyuma. Watu husema mambo ya mizimu ni ya usiku na ya walevi. Mimi yalinipata saa tisa mchana, siku ya Jumapili, hapa Ruiru, ndani ya chumba changu, na sijawahi kuonja pombe maishani. Nilimwona mtu kwa macho haya mawili na nikaongea naye. Kama si yeye, leo ningekuwa udongoni.

Nianze na kompyuta, maana ndiyo iliyoleta haya yote.

Mimi nafanya kazi kiwandani, Eneo la Viwanda Thika, tunapakia maji ya matunda. Nikitoka huko miguu imevimba, raha yangu ni moja tu: gemu za mbio za magari. Ndiyo, mwanamke wa miaka thelathini na moja, na nikikupita kwenye kona hutaniona tena. Kwa muda mrefu nilichezea kilaptopu kilichokuwa kikinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Mwishowe nikasema imetosha, nataka kompyuta ya gemu ya ukweli.

Binamu yangu Mwangi akanipeleka duka moja Nairobi tukaone zile zilizotengenezwa tayari. Zilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Ubavuni kioo, ndani taa za rangi zinacheza, na waranti juu. Bei nilipoisoma nilidhani ni namba ya simu.

"Nunua hii uachane na stress," Mwangi akasema. "Unafika nyumbani, unachomeka, unacheza."

Nikamwambia huo ni upuzi. Vitu vilivyo ndani navijua, nikivinunua kimoja kimoja najijengea yangu na chenji inabaki. "Kwani mimi sina mikono?"

"Mikono unayo," akanijibu. "Lakini ufundi si mikono peke yake."

Hilo liliniuma. Na sikio la kufa halisikii dawa, si ndiyo? Nikaanza kununua vitu vyangu, kila mwezi kimoja, vyote vipya kwenye maboksi yao. Vikabaki kasha la nje na pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea stima kutoka ukutani na kuvigawia vitu vingine. Nikajiambia hivyo ni vyuma tu, na chuma hakizeeki. Nikavipata vyote viwili kwa muuzaji wa vitu vya mitumba Githurai 45.

Jumapili hiyo nilitoka kanisani nikapiga deki sakafu ili vumbi lisiingie kwenye mashine yangu. Halafu nikavua ndara. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba stima ndogo iliyo mwilini mwa mtu inaweza kuharibu vyombo hivi, kwa hivyo nikaona nikae miguu mitupu ili stima hiyo iishie sakafuni. Simenti ilikuwa bado na unyevu. Nilijiona mjanja kuliko mafundi wote wa Kenya.

Nilipomaliza kuunganisha, nikachomeka, nikawasha. Taa zikawaka! Nikapiga kelele za furaha peke yangu. Kabla kelele hazijaisha, nikasikia harufu ya kuungua, na nikaona feni ya pawa saplai haizunguki. Papo hapo stima ikapotea.

Haikuwa imepotea mtaa mzima. Mimi na jirani yangu, Mama Shiro, tunatumia mita moja, na token, zile namba za stima ya kulipia kabla, zilikuwa zimeisha. Mama Shiro alikuwa kanisani, na yeye akienda kanisani ni mpaka jioni. Nikaona hiyo ni bahati yangu. Stima haiko, basi nafungua pawa saplai taratibu nione feni ina nini. Mwenye akili angetoa waya ukutani kwanza. Mimi niliuacha hapo hapo, swichi imewashwa, nikafungua mlango wa nyumba upate kuingia mwangaza. Nikakilaza kile kisanduku mapajani, nikatoa kifuniko, nikashika bisibisi.

"Niaje."

Mlangoni palisimama kijana mrefu, tisheti ya kijivu, miguu mitupu. Nikadhani ameacha viatu nje kama mtu mwenye adabu. Nikadhani pia ni mpangaji wa ploti ya pili, maana habari za kompyuta yangu zilikuwa zimeshazunguka.

"Poa," nikasema. "Karibu."

"Unajenga?"

"Najenga. Lakini feni imekataa."

"Hiyo hukataa," akasema, kama mtu anayeongea juu ya ng'ombe wake mwenyewe.

Akaja akachuchumaa mbele yangu, mikono juu ya magoti. Nikafurahi, nikaona Mungu ameniletea fundi wa bure. Nikaingiza ncha ya bisibisi ndani.

"Weka hiyo kitu chini," akasema. "Umechomoa?"

"Stima hakuna."

"Najua hakuna. Nimekuuliza kama umechomoa."

Hakunifokea. Lakini uso wake! Umewahi kumwona mtu akitazama mtoto anayekimbilia barabarani? Ndivyo alivyokuwa. Mimi nikakasirika. Huyu ni nani wa kunipa amri nyumbani kwangu? Nilitaka kumjibu vibaya, nakuapia, lakini mkono wangu ukaweka bisibisi chini, nikajinyoosha hadi ukutani, nikauchomoa waya.

Niamini, nilikuwa bado nimeushika waya ule mkononi balbu ilipowaka. Redio ya Mama Shiro ikaanza kuimba upande wa pili wa ukuta. Kisha nikasikia sauti yake nje: "Jirani! Nimetoka mapema leo, nimeweka token!"

Niliangalia bisibisi, nikaangalia kile kisanduku mapajani pangu, nikaangalia miguu yangu kwenye simenti yenye maji. Jambo lenyewe liliniingia polepole. Sekunde kumi tu. Labda hata hazikufika.

Nikageuka nimshukuru yule kijana. Hapakuwa na mtu.

Chumba changu kina mlango mmoja, na Mama Shiro ndiye aliyekuwa amesimama hapo, Biblia kwapani. Nikamuuliza, "Huyo kijana amepita wapi?" Akaniuliza, "Kijana gani?" Nikatazama sakafu. Alama za nyayo zangu zilionekana vizuri kabisa kwenye ule unyevu. Pale alipochuchumaa hapakuwa na alama yoyote. Hapo ndipo nilipopiga nduru, ploti nzima ikatoka.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilirudi Githurai kumuuliza muuzaji vile vitu alivitoa wapi. Akasema kuna mama mmoja wa Witeithie aliyemuuzia, akampigia simu mbele yangu, na kufikia saa sita nilikuwa nimeketi sebuleni kwa mama huyo. Ukutani kulikuwa na picha ya kijana mrefu. Ni yule yule aliyechuchumaa mbele yangu.

Alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa akijijengea kompyuta, vile vile kama mimi, na token zikaisha akiwa ameifungua pawa saplai. Mama alikuwa nje, hakujua mwanawe ameshika nini. Akaenda dukani akanunua token, akarudi akaziingiza kwenye mita.

"Ni mimi niliweka," akaniambia. "Nilitaka asikae bila stima. Nikabonyeza, nikaita, hakuitika." Baada ya mazishi hakuweza kuviangalia vile vitu. Akaviuza kabla hata familia haijaketi kuviombea, na jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Nikamweleza yote, na mimi nikilia. Hakuniita mwendawazimu. Aliuliza swali moja tu.

"Alionekana amenikasirikia?"

Woi! Hebu niambie, wewe ungejibu nini? Nilimwambia ukweli. "Hapana, mama. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa tu na haraka nisichelewe."

Akajifunika uso kwa leso. Kile kisanduku nilikuwa nimekibeba; mchungaji wao alikuja akakiombea, tukakizika nyuma ya nyumba yake, na hakuna aliyecheka.

Siku hizi kompyuta yangu ina pawa saplai mpya na inafanya kazi. Lakini siwezi kuingia nyumbani mwangu miguu mitupu, na stima ikipotea nachomoa kila kitu, hata pasi ya nguo. Naye mama wa Witeithie hajagusa mita tangu mwanawe afe. Jirani humwekea.

Kwa hivyo nunua iliyo tayari au jijengee, hilo ni shauri lako. Maneno yangu ni kwako wewe uliyetumwa kuweka token jioni ya leo. Kabla hujabonyeza namba ya mwisho, ita kwanza kwa sauti uwaulize walio ndani wameshika nini. Na usibonyeze mpaka kila mmoja aitike.