Balozi wa Alby na Baa za Marekani

Mtu akikwambia anakaa Alby, hapa pembeni mwa Stockholm, na hamjui Firmin, jua huyo hakai Alby, analala tu. Firmin unamsikia kabla hujamwona. Ukishuka kwenye treni ya laini nyekundu, ukapita mbele ya saluni ya Ramathan, yule Mganda anayenyoa huku akikusema, sauti itakayokuwa inatoka ndani ni ya Firmin, naye atakuwa anazungumzia Marekani. Hajawahi kukanyaga Marekani. Mbali kabisa alikowahi kwenda tangu aingie Uswidi ni Göteborg, tena kwa harusi, tena akarudi na mafua.

Lakini muulize habari za baa. New Orleans, atakwambia, ukiwa unakunywa halafu bendi ya matarumbeta ikapita barabarani, huna haja ya kumaliza glasi: unamiminiwa kwenye kikombe cha plastiki, unatoka nacho, unafuata muziki. Nashville gita linaanza asubuhi, watu bado wana usingizi machoni, na ndoo ya kumtunza mpiga gita inazungushwa meza kwa meza. Kule Milwaukee, siku ya Ijumaa, baa inakaanga samaki na mabibi wanakuja na wajukuu wao. Texas kuna kumbi za mbao ambamo wazee wanacheza dansi na buti miguuni, wakizunguka duara moja kama maji yanayotafuta tundu la sinki. Las Vegas hakuna saa ukutani wala dirisha, mtu asije akakumbuka kwake.

Kazi yake ilikuwa kwenye baa ya hoteli moja karibu na stesheni kuu. Mkataba ulisema aoshe glasi na kupandisha kreti za bia kutoka ghala la chini. Lakini wageni walishamzoea. Waswidi waliojiandaa kwenda likizo Marekani walielekezwa kwake na wahudumu, naye alijikausha mikono kwenye aproni akawapangia safari: hapa mlale, hapa msile, hapa mkae karibu na mlango. Umbali ndio uliomshinda. Kwake yeye, New Orleans na Chicago ni kama Alby na Fittja, kituo kimoja tu cha treni. Sijui ni wangapi waliokodi gari kwa ushauri huo. Labda wengine bado wanaendesha hadi leo.

Ramathan ndiye aliyempachika jina. "Balozi," alimwita, "baa za Marekani zimeshakupa pasi ya kidiplomasia, au bado unaingilia dirishani?"

"Wewe endelea kunyoa," Firmin alijibu. "Mwislamu na baa wapi na wapi?"

"Ndiyo maana nauliza. Mwenzangu unaosha glasi za watu na yako mwenyewe sijawahi kuiona."

Habari zote hizo zilitoka kwa mtu mmoja, Vainqueur, mdogo wake wa tumbo moja. Vita vya Bukavu, kule Kongo, viliwatoa wote wawili, wakateremka kusini, wakavuka ziwa, wakaishi kambini Tanzania. Ilipofika zamu ya kupelekwa nchi za mbali, majina yao hayakuwa kwenye fungu moja. Firmin na mkewe Hortense waliletwa Uswidi. Vainqueur akapelekwa Iowa, katikati kabisa ya Marekani, mahali penye mahindi mengi kuliko watu. Huko akajifunza kuendesha malori makubwa ya masafa. Sheria ya kule inamlazimisha dereva apumzike kila baada ya siku kadhaa za barabarani, na lori likisimama, Vainqueur alitafuta teksi akaingia mjini. Jumapili alipiga simu Stockholm.

"Yaya," alianza hivyo siku zote, maana Wakongo wa upande ule kaka mkubwa wanamwita yaya, "jana nilikuwa Memphis."

Na Firmin aliketi kitandani, akamfukuza kila mtu chumbani, akasikiliza. Jumatatu Alby yote ilikuwa imeshafika Memphis.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa imeganda hadi ngazi za majengo zinateleza, habari ikaja kwamba Vainqueur amefariki. Alikutwa asubuhi ndani ya lori lake, kwenye kile kitanda kidogo nyuma ya usukani, katika mji mdogo wa Oklahoma. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya baa.

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyosafiri haraka. Kabla Hortense hajamaliza kupanga viti vya msiba, watu walikuwa wameshakamilisha hadithi: amekufa kwa pombe. Na usiwalaumu sana. Nani aliyewafundisha kwamba Vainqueur kila wiki yuko baa? Kaka yake mwenyewe, kwa sauti ile inayovuka barabara.

Mazishi yalikuwa Iowa. Pasi ya Firmin ilikuwa imekwisha muda, na mpya haikuwahi. Kwa hiyo wakaweka matanga Alby, kwenye sebule yao ya ghorofa ya tano, siku ya Jumamosi mchana. Viatu vilijaa mlangoni mpaka vikamwagika kwenye korido. Ramathan alikuja akakaa karibu na mlango, kofia yake kichwani. Wamama wa kanisa walikaa chini kwenye zulia. Lakini hakuna aliyeimba.

Sababu ilikuwa Mzee Melchior, kiongozi wa kanisa lao la Wakongo. Melchior si mtu mbaya. Ni mrefu, mkavu, anasema polepole kama anayelipia kila neno. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika kijana wa kwaya aliyeanguka kwenye maji pale Fittja akiwa amelewa, na tangu hapo pombe hakuitaja bila kufumba macho.

"Papa Firmin," alisema, watu wote wakisikia, "sisi tuna desturi. Kabla ya maombi, mkubwa wa ukoo anasimama anasema historia ya kifo. Marehemu aliishi vipi, alikufa vipi. Halafu tunaimba."

"Najua desturi, mzee."

"Basi utuambie. Vijana wote hawa wamesikia habari za ndugu yako na baa. Wewe ndiye uliyewaeleza. Nikisimama kumwita mtu wa Mungu, wataniuliza kwa nini wao nawakataza. Sikatai kumwombea. Nataka kujua namwombea nani."

Kwa miaka yote ile Firmin hakuwahi kumuuliza mdogo wake swali hilo. Alijua rangi ya taa za Kansas City, na anayekaa kwenye stuli mlangoni kule Chicago. Kama Vainqueur alikuwa anakunywa, hakujua.

"Nipeni dakika," alisema, akaenda jikoni.

Hortense alikuwa anasonga bugali kwenye sufuria kubwa. Firmin akafunga mlango, akampigia Colombe, mjane wa Vainqueur, Iowa, ambako asubuhi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Aliweka sauti ya wazi, Hortense naye asikie.

"Shemeji," alisema, "nisamehe. Nina watu sebuleni. Vainqueur alikuwa anakunywa?"

"Pombe?" Colombe alisema. "Shemeji, wewe ndiye wa kuniuliza hivyo? Tangu abatizwe kambini hajaonja. Daktari amesema ni moyo. Baba yenu naye si alikufa kwa moyo?"

"Sasa baa alikuwa anafuata nini?"

"Alikuwa anakufuata wewe."

Firmin akamtazama Hortense. Hortense hakugeuka, aliendelea kukandamiza unga ukutani mwa sufuria.

"Alikuwa anaagiza soda ya tangawizi," Colombe aliendelea. "Anaacha bakshishi nzuri ili wasimfukuze. Anakaa, anaangalia. Akirudi nguo zinanuka, nilikuwa namgombeza, nasema mwimbaji wa kanisa unaingia humo kutafuta nini? Anasema, natafuta kitu cha kumwambia yaya. Nisipokuwa na cha kumwambia, atarudi tena ukutani. Sikumwelewa. Ukutani ni wapi, shemeji?"

Firmin alijua ukutani ni wapi.

Mwaka wao wa kwanza Uswidi waliwekwa Hjulsta, mwisho wa laini ya bluu, kwenye chumba cha kupanga kwa mtu. Bukavu Firmin alikuwa na nganda, baa ya kwake, pale Kadutu: meza, samaki wa kuchoma, friji la mafuta ya taa alilolipenda kama mtoto. Siku walipokimbia aliliacha linawaka. Na huko Hjulsta, siku moja ya baridi, aligeukia ukuta akanyamaza. Hakugomba, hakulia. Alilala akitazama ukuta, na Hortense alimlisha kwa kijiko. Miezi ilipita. Watu wa Alby hawajui hayo, maana Alby walihamia baadaye, na yule aliyehamia Alby alishakuwa jogoo.

"Mimi ndiye niliyempigia," Hortense alisema, bado kampa mgongo. "Nilimwambia, yaya wako hasemi, ongea naye chochote. Nikaweka simu kwenye sikio lako. Akakusomea zaburi, wewe kimya. Akakupa habari za nyumbani, kimya. Siku moja akasema ameegesha lori karibu na baa, mlango uko wazi, anaona watu ndani. Ukauliza kitu."

"Nilisema nini?"

"Ulisema: friji lao liko wapi?"

Neno la kwanza baada ya miezi. Vainqueur, mwimbaji wa kwaya, alishuka kwenye lori akaenda kuangalia friji. Akarudi akamwambia. Wiki iliyofuata Firmin akauliza: chupa tupu wanaziacha mezani? La, yaya, wanaziondoa. Basi mteja atajuaje kwamba hesabu yake ni ya kweli? Na chupa wanaifungua mbele yako, au inakuja ikiwa wazi? Kwao, bia iliyofunguliwa mgongoni pako hunywi, hata aliyeileta awe mjomba wako, kwa kuogopa sumu. Kwa maswali hayo ya mwenye nganda, Firmin alikaa kitako, kisha akasimama, kisha akatoka kutafuta kazi. Akaanza na kusema watu. Hayo mengine Alby inayajua.

"Waambie ni moyo," Hortense alisema, sasa akageuka. "Daktari amesema moyo. Inatosha."

"Haitoshi. Melchior atauliza baa."

"Mwambie alikuwa anatembea tu. Firmin, wale watu hawakujui ukiwa vile. Ukisema, utakuwa mtu wa ukutani mpaka ufe. Unawajua."

Anawajua. Mwenyewe ndiye mwalimu wao wa kubandika watu majina. Alimwambia Colombe asubiri, asikate, akaibeba simu ikiwa wazi mpaka sebuleni, akaiweka juu ya meza ndogo, akabaki amesimama.

Hakupandisha sauti. Wa nyuma walilazimika kuinama ili wamsikie.

"Mdogo wangu Vainqueur hakunywa pombe," alisema. "Mke wake yuko hapa anasikia, nikisema uongo atanisahihisha. Aliingia baa kwa sababu yangu. Tulipofika nchi hii nilikuwa mgonjwa. Si wa mwili. Nililala pale Hjulsta nikatazama ukuta, Mama Hortense ananilisha kama mtoto, ananigeuza. Sikuwa na neno. Huyu kijana, mwimbaji wa kwaya, akaona kwamba nikisikia habari za baa, nasema. Basi akawa anaingia kwenye pombe ambayo haipendi, anakaa na soda, anahesabu meza kwa ajili yangu. Marekani nzima. Wakati mwingine amesinzia, ameendesha siku nzima. Na mimi nachukua naja kujivuna nazo kwa Ramathan. Hiyo ndiyo historia."

Mama mmoja pale kwenye zulia alijifunika uso kwa kitenge. Ramathan alivua kofia yake, akaigeuza mikononi, akairudisha kichwani, na kwa mara ya kwanza Balozi hakutupiwa neno.

"Mama Colombe," Melchior aliielekea simu, "ni hivyo?"

"Ni hivyo," simu ikasema. "Na soda yenyewe hakuwa anaimaliza."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaifungua Biblia, akaifunga tena, akamtazama Firmin si kama kiongozi anavyomtazama muumini.

"Ile baa ya Oklahoma," alisema. "Ya mwisho. Yenyewe ilikuwaje?"

Firmin alifungua mdomo kwa mazoea, kifua kikapanda kama siku zote kikijiandaa kusimulia. Kisha kikashuka.

"Alinipigia jioni ya kule," alisema. "Akasema, yaya, kuna mahali hapa mbele yangu, taa zao za kijani, nje kuna farasi wa mbao. Nimechoka kidogo. Wacha nijinyooshe, halafu nitaingia, kesho nitakueleza." Akaitazama simu pale mezani. "Hiyo moja siijui, mzee. Sijui ndani kuna nini."

Melchior akasimama, na wote wakasimama naye. Alipofumba macho alianza na jina kamili la Vainqueur, akalisema polepole, akasema: mwimbaji wa Mungu.