Nilitaja Jina la Shoga Yangu Nikidhani Ni Utaratibu

Admin, naomba unifiche kabisa. Mie ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, fundi cherehani, naishi Kiwalani.

Magazeti ya watu binafsi yalipoanza kuuzwa mitaani miaka ya tisini nilikuwa binti, nikanogewa na kuandika barua kwa mhariri. Ili barua itoke ilikuwa lazima uweke jina kamili na sanduku la posta, na ukiomba, mhariri anakuficha. Nilimsema hadi diwani wetu na hakuna aliyenigusa. Tuliamini midomo imefunguliwa moja kwa moja.

Juzijuzi hapa nikafungua ukurasa wa mtaa mtandaoni. Watu wananitumia kero zao, naziweka bila majina. Shoga yangu, nimwite Mama Zuhura, ambaye ni nesi, akaandika kwamba zahanati anayofanyia kazi inawauzia wajawazito glavu za bure. Watu wakausambaza ujumbe ule kila kona.

Ndipo nikaitwa ofisi ya serikali inayosimamia mitandao. Ofisa mmoja mpole, shikamoo yake ya heshima, akasema kanuni mpya zinataka niwe na leseni.

"Jaza tu fomu, mama. Na hawa wanaokuandikia uwaorodheshe, ni utaratibu wa kawaida."

Nikamkumbuka mhariri wangu wa zamani, aliyepokea majina yetu na kuyaficha. Nikaandika majina sita kwa mwandiko mzuri, la Mama Zuhura juu kabisa, na namba za simu nikaweka. Ujinga gani ule, jamani!

Leseni sikupewa. Niliambiwa niufute ukurasa, nikaufuta. Wiki ya pili Mama Zuhura akaachishwa kazi.

Sasa kila siku anakuja kukaa pembeni ya cherehani yangu na kulia. "Shoga, kaniuza yule dada tuliyekuwa naye zamu. Namjua mie, ana roho mbaya!" Nami naitikia, "Binadamu ndio walivyo, shoga." Naitikia hivyo huku nashona.

Nimekata tamaa na mambo ya kuandika. Hata hiki kisa nimekifuta mara tatu, maana sijui siku ukiitwa wewe, admin, utaandika jina la nani.

Nikimwambia nampoteza. Nikinyamaza, dada wa watu anabeba dhambi yangu. Wenzangu mnaosoma, niambieni: nimwambie, au nizikwe na siri hii?