Koti la jeshi lililomfunga babu yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Hii si stori ya kusikia kwa watu, imenipata mwenyewe na sitii chumvi.

Nimefundisha sheria ya ushahidi mpaka nikastaafu. Wengi huniuliza kwa nini nimetumia maisha yangu kufuatilia watu waliofungwa bila kosa.

Sababu ni babu yangu Yohana, mkulima wa Igalula.

Enzi za Mwingereza, ghala la karanga karibu na stesheni lilichomwa moto alfajiri. Babu akakamatwa. Shahidi alikuwa mmoja tu, Saidi, mbeba mizigo wa stesheni.

Akapewa miaka saba. Mwaka wa nne akafia gerezani.

Bibi akabaki na watoto watatu, mkubwa ni mama yangu. Kijijini wakamwita mke wa mchoma ghala, mpaka akahamia mjini, mtaa wa Isevya.

Nikiwa mwalimu kijana nikalipata faili la kesi. Kurasa kumi na moja, hukumu humo humo. (Nilizihesabu mara mbili, wakuu.)

Saidi aliulizwa kama alimwona Yohana pale ghalani alfajiri ile. Akajibu ndiyo. Hakuna aliyemuuliza alimtambuaje.

Nikapanda treni hadi Tura, alikokuwa akiishi uzeeni. Nikamwamkia, nikajitambulisha kuwa ni mjukuu wa Yohana. Kisha nikamuuliza swali lile.

"Uso sikuuona," akasema. "Niliona koti la jeshi. Yohana alikuwa nalo."

"Nani mwingine alikuwa na koti kama hilo?"

"Wote tuliorudi vitani. Hata mimi ninalo."

Nikarudi Isevya mbio kumweleza bibi. Nilidhani namletea habari.

Alinisikiliza huku akichambua mchele, wala hakulia.

"Alfajiri ile babu yako alikuwa ndani, amempakata mjomba wako ana homa," akasema. "Mimi hakuna aliyeniita mahakamani."

Hata mimi, msomi wa ushahidi, nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nilianza na faili.

Bibi alishafariki. Hukumu ile haijafutwa mpaka leo.

Nilichojifunza: mtu akisema "nilimwona", muulize aliona nini hasa. Na kabla hujasafiri kutafuta shahidi, kaa na waliokuwemo nyumbani siku ile.

Kama kwenu kuna mzee aliyefungwa hivi na waliomjua bado wapo, waulizeni, kisha tuandikieni hapa chini. Nitasoma yote.