Nilikata usukani wa baiskeli ili upite mlangoni

Wakuu, poleni na kazi.

Nimeona humu kijana anauliza achague usukani gani kwa baiskeli ya downhill na freeride. Mmemjibu vizuri kuhusu alumini, carbon na milimita. Mimi ni mzee wa Kamina, nitamjibu kwa jambo lililonipata. Siongezi chumvi, maana aliyeumia si mimi.

Ilikuwa enzi za Zaire, mkoa wetu ukiitwa Shaba. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimeingia kazi ya reli kama baba yangu, nimeoa. Mke wangu anaitwa Ngoie. Mtoto wetu wa kwanza, Ilunga, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Nikanunua baiskeli. Kwetu tunaiita kinga. Ilikuwa na usukani mpana, umepinda kama pembe za ng'ombe.

Sasa, nyumba za kambi ya reli zilikuwa na milango myembamba, na kinga ililala ndani na wenyewe, la sivyo asubuhi huikuti. Kila jioni usukani ulikwaruza mlango.

Siku moja nikachukua msumeno wa chuma, nikakata huku na huku. Kiganja kizima kila upande.

Ngoie akatoka na mwiko mkononi, akasimama akitazama.

"Baba Ilunga, unafanya nini?"

"Ipite mlangoni."

"Si unageuza tu gido, inapita?"

Wakuu, alikuwa na haki. Ukigeuza usukani upande, kinga inapita bila shida. Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Lakini majirani walikuwa wananitazama, nikaona haya kukubali.

"Hivi njo za course," nikamwambia, yaani ndizo za mashindano. "Weye haujue."

Akacheka, akarudi jikoni. Na kweli ilipendeza. Vijana wa kambi waliniita "citoyen champion", mwananchi bingwa, nami nikavimba kichwa.

Kiangazi kilipofika tukaenda kumwonyesha mtoto kwa mama yake Ngoie. Tulipanda treni hadi Kabondo-Dianda, kinga ikiwa kwenye behewa la mizigo. Kutoka stesheni hadi kijijini ni njia ya mchanga, na katikati kuna mteremko mrefu wenye mawe.

Ngoie alikaa nyuma yangu, Ilunga mgongoni mwake. Mfuko wa unga niliufunga mbele.

Juu ya mteremko akasema, "Tushuke, tutembee."

Nikasema, "Kamata tu."

Anayejua mzigo anajua kilichofuata. Usukani mpana unakupa nguvu ya kulizuia gurudumu la mbele linapotaka kwenda lake. Wangu ulikuwa mfupi, mikono imebanana kifuani. Gurudumu likapiga jiwe, likageuka, nami sikuwa na pa kushikia nguvu.

Nilianguka kwenye majani. Ngoie alijigeuza hewani ili asimlalie mtoto. Akaanguka kifudifudi, mkono ukiwa chini yake.

Ilunga alilia kwa hasira tu. Mama yake hakulia. Aliniuliza, "Mutoto iko muzima?" Nikasema ndiyo. Ndipo akafumba macho.

Kiwiko cha mkono ule hakijanyooka mpaka leo.

Kwetu mkwe hasemezani na mama mkwe uso kwa uso. Kwa hiyo jioni nilikaa nyuma ya nyumba, naye akiwa upande wa pili wa ukuta akizungumza na hewa, nisikie:

"Kinga iko ya kubeba bantu. Haiko mbuzi ya kukata mapembe!"

Wadogo zake Ngoie wakaangua kicheko. Mimi nikatazama chini. Desturi ilinizuia kujibu, na nikafurahi kwamba inanizuia.

Kurudi Kamina nikatafuta usukani mpana kuliko ule wa kwanza. Lakini Ngoie hakupanda tena. Kwenda sokoni, kanisani, alitembea, mimi nikisukuma kinga pembeni yake. Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kiangazi kingine tukasafiri tena. Tulipofika juu ya mteremko ule akasimama.

"Anza na bunga," akasema. "Weka pa nafasi yangu."

Nikaufunga mfuko wa unga alipokuwa akikaa yeye, nikashuka polepole, viwiko nje, breki kidogo kidogo. Ukafika mzima. Nikauacha chini, nikapanda mteremko nikisukuma kinga, jasho linanitoka.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe na mtoto.

"Bunga haikulia?"

"Haikulia."

"Basi bunga iko na roho nguvu kunipita minyi."

Akamfunga Ilunga mgongoni, akakaza kitenge mara mbili. Akakaa nyuma yangu, akanishika kiunoni. Mteremko wote sikugeuka kumtazama. Tulipofika chini hakushuka. Akanigonga mgongoni, "Beba bunga yako, twende."

Kijana uliyeuliza: chukua usukani unaozidi mabega yako, kifua kipate kufunguka. Ujaribu mteremkoni, pole pole, kabla ya kuupenda. Na kama kuna mtu anayekaa nyuma yako, muulize yeye kwanza. Mimi nilitazama macho ya majirani.

Nawaachia uwanja. Waliowahi kushusha mizigo kwa baiskeli, hasa wa Kaniama na Mulongo, semeni ninyi mlikuwa mnafunga usukani gani. Na mwenye kunicheka anicheke, mama mkwe alishaanza.