Nilikataa Chai ya Mama Mzee, Sasa Wanamwita Mchawi

Admin, usiweke jina langu wala la kanisa letu, huku kwetu watu wanajuana mpaka kwa viatu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu, naishi Kericho, upande wa Kiptere. Mume wangu ni mchungaji. Tuna shamba dogo la majani chai na ng'ombe wawili, na kwa miaka sasa nina ugonjwa wa kibofu. Si ule wa kuambukizwa, tafadhali msianze. Daktari alinieleza kwamba kibofu changu kimechubuka kwa ndani, hakuna dawa ya kuumaliza, cha muhimu ni kuchunga chakula. Niache pilipili, nyanya, machungwa, soda, hata mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu. Na juu ya yote niache chai.

Sasa niambieni, mtu anaachaje chai Kericho? Ukitoka nje ni majani chai, ukirudi ndani ni birika. Kwangu nimejipanga. Napika mboga bila nyanya, nakunywa maji na maziwa freshi, na nikifanya hivyo nakaa wiki nyingi bila shida. Nikikosea, nawaka kama nimekalia makaa, na chooni naenda kila mara mpaka naona haya. Tatizo ni nyumba za watu. Huku ukikataa chai ya mtu umemwambia unaogopa mkono wake, na mke wa mchungaji ndiye anayetembelea nyumba zote.

Mtauliza kwa nini nisiseme tu kwamba ninaumwa. Mume wangu aliniombea kwenye mkutano wa injili, wakati ambapo nilikuwa nimeacha chai na maumivu yametulia. Akashuhudia mbele ya watu kwamba mke wake amepona. Watu walilia, wengine wakaokoka siku hiyo hiyo. Maumivu yaliporudi nikamwambia. Akanishika mkono akasema, "Mama watoto, wewe ulipona. Hiyo ni adui anataka ukiri ugonjwa. Usimpee mdomo wako." Si mtu mbaya, anaamini kabisa. Lakini tangu siku hiyo nakunywa chai za watu nikitabasamu, halafu naenda kuumia kwangu.

Mwezi uliopita tulitembelea washirika, mimi na akina mama wa kanisa. Nyumba ya kwanza chai, ya pili chai na mandazi, ya tatu chai tena. Ya mwisho ilikuwa ya Kogo, ndivyo tunavyomwita bibi mzee huku, mjane anayeishi peke yake. Tayari kulikuwa na maneno juu yake, eti mtoto wa jirani aliugua baada ya kunywa maziwa kwake. Upuuzi mtupu. Kogo akanimiminia chai kwenye kikombe chake kizuri cha maua. Mimi wakati huo tumbo la chini lilikuwa linawaka moto. Nikasema, "Asante Kogo, leo nimeshiba." Akina mama wakatazamana. Mmoja akaweka kikombe chake chini, mwingine naye akaweka, mwishowe hakuna aliyekunywa.

Maneno hayana miguu lakini yalifika kanisani kabla yangu. "Mama pasta ameonyeshwa na Roho." Wachumaji wakakataa kuingia shamba la Kogo, majani yakakomaa hadi hayafai. Mwenye hoteli wa pale sokoni akaacha kuchukua maziwa yake. Nilijiona mjinga na nilikasirika. Nikaamua nitarudi niinywe chai hiyo mbele ya macho yao.

Nikawakusanya akina mama wale wale tukaenda. Kogo alifurahi mpaka akaimba. Nikanywa kikombe kizima, nikaomba cha pili, nikakisifu. Nilidhani nitavumilia hadi maombi ya kuagana. Katikati ya maombi maumivu yakanikamata, nikatoka mbio, nikapiga magoti kwenye nyasi kabla ya kufika chooni, na nguo ikalowa mbele yao wote. Nikasikia mmoja akipiga kelele, "Yesu! Amemwekea dawa!" Wakaninyanyua wakaniondoa pale. Hakuna aliyemuaga Kogo. Nilikwenda kumsafisha jina mama wa watu, nikammaliza kabisa.

Sasa mume wangu ametangaza kwamba Jumapili hii kanisa zima litaenda kwa Kogo kumwombea afunguliwe, na mimi nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyoniokoa na chai ile. Nikamwambia, "Baba, ni kibofu. Unajua ni kibofu." Akaenda kufunga mlango. Halafu akasema, "Ukisema hivyo, hawa watu waliokoka juu ya ushuhuda wangu niwaambie nini?" Hapo ndipo nilipoona kwamba hata yeye anaogopa.

Jana Kogo alikuja mlango wa jikoni, akakataa kuketi. Alikuwa amefunga majani yake ya chai kwa karatasi. Akanifungulia. "Hii ndio majani natumia, mama pasta. Maji natoa kwa mto ile ya watu wote. Niangalilie, ni wapi nakosea? Nataka nibadilishe kabla hawajakuja."

Nikamwambia hakuna kosa lolote.

"Basi kwa nini ulianguka?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu alikuwa sebuleni, nikasikia kiti chake kikisogea. Nikaufunga tena. Kogo alinitazama, akakunja karatasi yake polepole, akasema, "Pole, mtoto wangu. Mungu akuponye," akaenda zake.

Kesho kutwa ni Jumapili. Nikisema ukweli, mume wangu anakuwa mwongo mbele ya kanisa lake, na watoto wangu watachekwa shuleni. Nikinyamaza, mama asiye na hatia atakemewa kama pepo mlangoni pake, na shahidi ni mimi. Msiniambie niombe, nimeomba. Nishaurini ndugu zangu, wakinipa maikrofoni nimwokoe nani?